Jinsi ya kuufuatilia wasiwasi sugu katika ukoo, na kuacha kuutumikia nyumbani

Baba yangu alikuwa akianza kutawadha kwa ajili ya adhuhuri tangu saa tano na nusu. Nyumba yetu ilikuwa Ngamiani, Tanga, Barabara ya 12, na bomba lilikuwa uani. Alijaza ndoo tatu, akaosha mkono wa kulia, akasita, akarudia toka mwanzo. Maji ya bomba yakikatika, sisi watoto tulikimbia na madumu kwa jirani ili Baba asikose. Mtaa mzima ulimsifu kwa ucha Mungu. Mimi nilimkuta mara moja amekaa juu ya kigoda, suruali imeloa mpaka magotini, analia kwa sababu swala imempita.

Kaka yangu anauza vipuri vya baiskeli. Akifunga duka anafika kona, anarudi kulivuta kufuli, anaondoka, anarudi tena. Mimi ni fundi cherehani. Baada ya kumzaa kifungua mimba wangu niliingiwa na wazo kwamba nimesahau sindano ndani ya upindo wa gauni la mtoto wa mtu. Nilifumua, nikashona, nikafumua. Kuna usiku nilitoka kwa miguu mpaka Makorora kumgongea mteja mlango, nilipapase gauni alilolichukua asubuhi. Na yule kifungua mimba, binti, alipotimiza miaka kumi akaanza kuniuliza kabla ya kulala: "Mama, nimekukosea? Umenisamehe?" Nikimjibu, anauliza tena. Tulishafika mara arobaini kwa usiku mmoja.

Watu wanne wa damu moja, na hakuna aliyewahi kusema kwamba hiki ni kitu kimoja. Daktari wa kliniki ya afya ya akili aliponiuliza kama kuna mwingine katika familia mwenye shida ya akili, nilijibu hakuna. Sikukusudia kumdanganya. Kichwani nilikuwa namtafuta mtu anayeokota makopo barabarani, na kwetu hayupo. Jibu langu lilituchelewesha, kwa hiyo naandika hapa kila nilichojifunza kufanya baada ya pale, kwa mzazi au ndugu anayeona kitu kama hiki kwao.

Kwanza jina. Kwenye daftari la kliniki utakuta herufi OCD. Mume wangu alipoziona alishtuka, maana kwetu Tanzania OCD ni mkuu wa polisi wa wilaya. Hapa ni kifupi cha ugonjwa wa mawazo yanayong'ang'ania na matendo yanayorudiwarudiwa. Mimi nauita wasiwasi sugu. Wazee wa pwani wanaujua kwa upande wa ibada tu, wanasema fulani ana wasiwasi wa udhu. Lakini mwendo wake ni ule ule popote: wazo linaingia bila hodi, linaleta hofu au kinyaa, mtu anafanya tendo ili apate kutulia, anatulia kidogo, wazo linarudi na njaa zaidi. Ukiona mzunguko huo, usibabaishwe na sura yake. Kwa Baba ulivaa maji, kwa kaka kufuli, kwangu sindano, kwa binti yangu msamaha.

Kuuliza wazee

Usiulize "nani alikuwa mgonjwa wa akili?" Utajibiwa kama nilivyojibu mimi. Uliza matendo. Nani alikuwa akichelewa kutoka nyumbani, na kwa sababu gani? Nani alirudi kuangalia jiko? Nani aliosha mikono mpaka ikachubuka? Nani alihesabu, alipanga, alishindwa kutupa hata gazeti la zamani? Nani alirudia takbira akidhani nia haikukaa sawasawa? Nani aliuliza jambo lile lile mpaka watu wakamkimbia? Na usisahau wale ambao matendo yao yote yako moyoni: anasali kimya kufuta wazo chafu, anahesabu bila kutikisa mdomo. Hao hawaonekani kwa nje, ila wenza wao huwa wanajua.

Chagua wakati. Msibani usiulize, wala mbele ya wakwe. Mimi nilikwenda Pangani kwa shangazi yangu mkubwa, nikamkuta anachambua mchele barazani. Nikamwamkia, nikakaa chini, nikachukua ungo wa pili. Tulipofika nusu ya debe nikamwuliza, "Shangazi, Baba alianza lini kurudia udhu?"

Akaacha kuchambua. "Nani kakwambia ni baba yako peke yake, mwanangu?"

Ndipo nikaambiwa habari za babu, aliyehesabu mafungu ya nazi kila jioni, akakosea, akaanza upya, mpaka chemli ikaisha mafuta. Na Shangazi mwenyewe. Miaka hamsini anafua nguo za kuswalia mara tatu tatu na hakuna aliyejua ila marehemu mumewe. Nilipomwuliza kwa nini hakusema, alisema neno moja: Lutindi. Ile hospitali ya milimani huko Korogwe imekuwa ikiwatunza wagonjwa wa akili tangu zama za Wajerumani, na imewafaa wengi, lakini kwa wazee wetu jina lake lilikuwa kitisho cha kumnyamazishia mtoto. Kwa hiyo kabla ya kuuliza, anza wewe. Mimi nilimweleza sindano zangu kwanza. Bila hivyo asingefungua mdomo.

Kosa jingine ni kumwandika kila mtu msafi. Mama mkwe wangu anapiga deki mara mbili kwa siku na anaimba akipiga deki, huyo hana ugonjwa. Madaktari wa akili wanaangalia zaidi mambo haya: je, mawazo na matendo yanakula zaidi ya saa moja kwa siku, au yanamtesa mwenyewe, au yanamzuia kazi, shule, swala, ndoa? Baba alikuwa na yote.

Kuuchora ukoo

Nilitandika karatasi ya kaki ninayochorea vipimo vya nguo, kwa sababu daftari halitoshi. Mwanamke duara, mwanaume mraba, mgonjwa uliyemleta kliniki umpigie mshale. Anza na wazazi, ndugu wa tumbo moja na watoto, maana hao ndio wanaogawana naye karibu nusu ya vinasaba. Kisha mabibi na mababu, mashangazi, maami, wajomba, mama wadogo na wakubwa. Binamu waje mwisho, ukiwa bado una nguvu. Upande wa mama na wa baba uwe sawa. Kwetu wote tulikimbilia kwa Baba kwa sababu ya maji, na upande wa Mama ukabaki mtupu mpaka nilipomkumbuka mjomba aliyekuwa akipepesa macho na kukohoakohoa bila kifua tangu utoto. Wazee walidhani ni adabu mbaya. Daktari aliweka alama pale pale, kwa kuwa mishtuko ya mwili ya namna hiyo na wasiwasi sugu hutembea katika koo zile zile.

Mbele ya kila mtu andika tendo lenyewe kwa maneno ya nyumbani ("anarudia udhu"), umri alipoanza, na dawa au tiba iliyomsaidia kama ipo. Umri ndio watu wanaouruka, na ndio wenye uzito. Ugonjwa huu mara nyingi huanza ama karibu na miaka kumi ama katika ujana, na koo ambazo mtu ameanza akiwa mtoto ndizo ambazo ndugu wengine hukutwa nao zaidi. Kwa wanawake andika pia kama ulianza au ulizidi wakati wa ujauzito au baada ya kujifungua.

Hapo nitasimama kidogo, kwa kuwa najua kuna mama anasoma na hajamwambia mtu. Mawazo yangu ya sindano yalikuwa na ndugu yake niliyemficha zaidi: nikimbeba mtoto karibu na kisima, picha ilinijia ya mikono yangu ikimwachia. Niliacha kumwogesha, nikampa mama. Niliamini mimi ni mwuaji. Daktari aliniambia kwamba mwenye wasiwasi sugu hutishwa na wazo hilo kwa sababu ni kinyume kabisa cha anachotaka, na ndiyo maana hulikimbia. Mlezi anayesikia sauti zikimwamuru, au anayeamini kwa dhati kwamba mtoto ni shetani, hiyo ni hali nyingine na inataka hospitali siku hiyo hiyo. Lakini wewe unayetetemeka kwa picha usiyoitaka, mweleze mkunga au daktari. Hutakuwa wa kwanza kumwambia.

Kinachorithiwa ni nini hasa

Nilipomaliza kuchora niliogopa. Karatasi ilinitazama kama hukumu ya binti yangu na watoto wake. Kwa hiyo shika hesabu hizi kabla hujaogopa kama mimi.

Watafiti wa Johns Hopkins, Baltimore, Marekani, walitangaza mwaka 2000 kwamba miongoni mwa wazazi, ndugu na watoto wa wagonjwa, karibu 12 katika kila 100 walikuwa nao pia. Kwa ndugu wa watu wasio wagonjwa walikuwa chini ya 3. Kwa hiyo ni kweli unatembea katika damu, na hatari ni kama mara nne. Lakini ihesabu na upande wa pili: 88 katika mia hawakuwa nao. Tafiti za mapacha zinaonyesha kwamba vinasaba vinachangia karibu nusu kwa watu wazima, na pengine zaidi kidogo ukianza utotoni. Sehemu iliyobaki ni ya maisha, na hasa mambo yanayompata mtu mmoja peke yake.

Mwaka 2025 ulitoka utafiti mkubwa wa vinasaba vya wagonjwa zaidi ya 53,000, ukakuta sehemu 30 katika vinasaba zinazohusika, kila moja ikisukuma kidogo sana. Ndiyo kusema hakuna kinasaba kimoja cha wasiwasi sugu, na hakuna kipimo cha damu cha kumwambia mtu kama mwanawe ataupata. Anayekuuzia kipimo hicho anakula pesa yako.

Jingine lililonipa pumzi: sikumfundisha binti yangu. Mimi sijawahi kumwuliza mtu kama amenisamehe, wala Baba hakuwahi kuangalia kufuli. Kinachoshuka ni mwelekeo wa akili kung'ang'ania shaka. Mwelekeo huo ukifika kwa mtu unajitafutia nguo kwenye mambo anayoyapenda na kuyaogopa yeye.

Kuhusu posa, kwa kuwa najua swali hilo litakuja. Wazee wetu huchunguza ukoo kabla ya kutoa mke, na kuna waliovunja uchumba kwa kusikia "kwao wana kitu." Msimamo wangu ni kusema kweli, na kuisema pamoja na hesabu zake. Mpwa wangu alimweleza mchumba wake kwa kutumia karatasi yetu hii hii, na wameoana.

Nyumba inavyoutumikia wasiwasi

Damu huwezi kuibadili. Hii sehemu unaweza, na hapa ndipo nilipotumia nguvu zangu nyingi.

Kumbuka sisi watoto na madumu. Tulidhani tunamsaidia Baba, kumbe tulikuwa tunaupelekea wasiwasi chakula. Kila ndoo ilimwambia kwamba ndoo mbili za mwanzo hazikutosha. Mimi na majibu yangu arobaini nilifanya vile vile. Familia zinazoutumikia sana ugonjwa huwa na mgonjwa aliyezidiwa zaidi, na tiba kwake huwa nzito.

Kwa wiki moja, bila kubadili chochote, andika kila kitu ambacho watu wa nyumbani wanafanya au wanaacha kufanya kwa sababu ya wasiwasi wa mtu mmoja. Nani anajibu, nani anaangalia mlango kwa niaba, nani haingii chumba fulani na viatu, safari gani imeahirishwa. Orodha yetu ilijaza kurasa mbili. Mume wangu alikuwa akizima redio saa mbili kamili usiku ili maswali yaanze mapema, na hakuwa amejua kwamba anafanya hivyo kwa ajili hiyo.

Halafu chagua kimoja tu. Sisi tulichagua swali la msamaha. Mwambie mgonjwa mchana, wakati ametulia, kamwe usimwambie katikati ya dhoruba. Nilimweleza binti yangu Jumamosi baada ya chai: "Mwanangu, nakupenda, na najua unaumia. Swali likiwa lako nitalijibu. Likiwa la wasiwasi nitalijibu mara moja, basi. Si adhabu." Tukakubaliana maneno nitakayoyatumia: "Hilo ni la wasiwasi, mama. Tukae nalo." Maneno yawe mafupi na yasibadilike, kwa sababu ukianza kueleza kwa kirefu, maelezo yenyewe yanageuka kuwa jibu la arobaini na moja.

Jiandae kwa siku za mwanzo. Usiku wa kwanza alilia mpaka saa nane. Wa tatu ulikuwa mbaya kuliko wa kwanza, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Nilikaa kando ya kitanda, nikamshika mkono, sikujibu. Bibi yake alisimama mlangoni akiniona katili. Kwa hiyo kabla ya kuanza, wakubwa wote wa nyumba wawe na neno moja, maana jibu moja la bibi kupitia dirishani linarudisha kazi ya siku tano. Wiki ya tano alikuwa anauliza mara mbili. Usimpige wala usimcheke wala usimwigize mbele ya wenzake. Shuleni aliwahi kuchapwa kwa kufuta na kuandika upya mpaka karatasi ikatoboka, na fimbo ile ilimwongezea jambo jingine la kuomba msamaha.

Ukipotea, usijue lipi ni tahadhari ya kawaida na lipi ni ugonjwa, tumia kipimo cha jirani. Mimi nilimwuliza fundi mwenzangu ninayekaa naye kibaraza kimoja: sindano zako unafanyaje? Akasema anazirudisha kwenye kikopo jioni, anaangalia mara moja, anaenda nyumbani. Basi nami mara moja. Gauni linatoka mikononi bila kupapaswa, mwili wangu unatetemeka, naacha utetemeke mpaka uchoke wenyewe. Kitendo hicho, kulisogelea jambo unaloliogopa na kuacha tendo la kujituliza, ndicho kiini cha tiba ya maongezi inayofanya kazi zaidi kwa ugonjwa huu. Victor Meyer aliiandika London mwaka 1966 baada ya kuwatibu wagonjwa wawili, na imejaribiwa sana tangu hapo. Inapandwa kama ngazi, kuanzia hofu ndogo. Ukipata mwanasaikolojia wa kukuongoza, mshike.

Sheikh, na kliniki

Shangazi asingekubali neno la daktari peke yake katika mambo ya udhu, na sikumlaumu. Tulikwenda kwa sheikh mmoja anayemheshimu. Akamkumbusha kwamba yakini haiondolewi na shaka, na kwamba Mtume alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja cha maji. Kibaba hakifiki lita. Shangazi akatafuta kopo la kiasi hicho, na ndilo anatumia mpaka leo, likiisha limeisha. Lakini sheikh awe mmoja, na swali liulizwe mara moja. Mwenye wasiwasi sugu anaweza kuzunguka misikiti yote kuanzia Chumbageni mpaka Sahare akitafuta fatwa itakayomtuliza, na kila fatwa ikawa ndoo nyingine. Dua na kisomo viendelee, vinampa mtu moyo. Anayekwambia uache dawa kwa sababu ya kisomo, mwondokee.

Kliniki peleka karatasi yenyewe au picha yake kwenye simu. Sema mwanzoni kabisa: "Kwetu wako sita." Sehemu moja tuliyopita kwanza tulipewa vidonge vya usingizi tu, na tulirudi nyumbani na mtoto anayesinzia huku akiuliza. Uliza kuhusu dawa zinazolengwa kwa ugonjwa huu, kama fluoksetini, setralini au klomipramini. Hazifanyi kazi kwa wiki moja. Hesabu wiki nane mpaka kumi na mbili kwa kiwango cha kutosha kabla hujasema zimeshindwa, na usiziache ghafla kwa kuwa umejisikia vizuri. Ikiwa ndugu wa damu alifaidika na dawa fulani, mtajie daktari. Na mgonjwa akisema amechoka kuishi, usisubiri tarehe ya kliniki.

Kaka bado hajaenda. Anasema kufuli ni biashara, si ugonjwa. Sijamlazimisha, ila nimeacha kumpokea simu ya saa tatu usiku ya kuniomba nipite dukani kwake nikamhakikishie. Nilimwambia mapema na nikamweleza kwa nini.

Mkewe amejifungua mwezi uliopita. Mtoto naye mchore kwenye karatasi, jina na tarehe ya kuzaliwa, kwa penseli. Mbele yake usiandike kitu.